Mchungaji akikemea ushoga afungwe? Na mwanaharakati anayewatetea mashoga naye afungwe?

Wakuu habari zenu, nimefuatilia haya mabishano ya wachungaji na wanaharakati wa haki za mashoga na naona kambi zimeshagawanyika, wa huku wanasema mchungaji akisema neno la Mungu kama lilivyo anawindwa, wa kule wanasema mchungaji wa namna hiyo anachochea chuki awekwe ndani akome. Mimi ni mlokole, naliweka wazi mapema mtu asije akasema nilijificha, naamini ndoa ni mume na mke basi. Ila kwenye hili la jela natofautiana na wengi wa upande wangu, na ndilo lililonifanya niandike.

Kesi ambayo kila mtu anaishika ni ya Mchungaji Åke Green wa Sweden, lakini wengi wanaisimulia nusu. Huyu mzee alikuwa mchungaji wa kipentekoste, kanisa dogo tu pale Borgholm kwenye kisiwa cha Öland, na Julai 20, 2003 akahubiri kwamba ushoga ni uvimbe wa saratani kwenye mwili wa jamii. Sasa mwaka huohuo, kuanzia Januari, sheria yao ya uchochezi dhidi ya makundi ya watu ilikuwa imepanuliwa ikawalinda na mashoga. Akashtakiwa, Juni 2004 mahakama ya chini ikampa mwezi mmoja jela, akakata rufaa, Februari 2005 akashinda, upande wa mashtaka nao haukukubali ukapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa na Novemba 29, 2005 majaji wakamwachia.

Hapo watu wanasema haleluya tumeshinda wanafunga mjadala. Jamani tuangalie na sababu. Majaji hawakusema mzee alisema vizuri, walisema kwa sheria ya Sweden peke yake maneno yale yanaingia kwenye kosa, ila nchi yao imefungwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kifungu cha 9 kinalinda dini na cha 10 kinalinda kusema, na kumtia hatiani kungevunja mkataba. Na mkataba huohuo ndio Jeffrey Dudgeon wa Ireland Kaskazini aliutumia kuishinda Uingereza mwaka 1981, akisema sheria inayofanya ushoga kuwa jinai inaingilia maisha yake ya faragha. Kwa hiyo mlango aliotokea mchungaji wetu ndio uleule mashoga waliupitia miaka zaidi ya 20 kabla yake. Mtu anayeuita mkataba ule wa shetani halafu anamtaja Green kama ushindi wake, mimi simwelewi.

Nirudi kidogo kwenye neno saratani kwa sababu wanaharakati wakilalamikia hilo huwa tunawaona wanadeka. Nimekaa kanisani miaka mingi, najua mahubiri yakipanda inakuwaje, kinanda kinalia, watu wamesimama, amina zinapishana, na mhubiri akiona amina zinakuja anaongeza moto. Dhambi ikemewe, ndiyo kazi aliyoitiwa. Lakini saratani kila mtu anajua huwa inafanywa nini, inakatwa inatupwa, na kwenye viti vile kuna kijana amekaa na mama yake anajijua yukoje na hajamwambia mtu, sasa yeye anasikia anakemewa dhambi au anasikia aondolewe? Green katika mahubiri hayohayo alisema pia kwamba watu hawa wanahitaji neema. Nani analikumbuka hilo? Neno saratani limelimeza lote. Hata hivyo nasema kumfunga ilikuwa makosa, anayesema vibaya ajibiwe kwa maneno.

Sasa tuje huku kwetu maana Sweden ni mbali. Uganda, Oktoba 2010 gazeti moja lilitoa picha na majina ya watu likisema ni mashoga, na likaandika wanyongwe. David Kato, mwanaharakati, akaenda mahakamani na wenzake wawili, Januari 2011 wakashinda. Wiki chache baadaye, Januari 26, akapigwa nyundo nyumbani kwake akafa. Polisi walisema haikuhusiana na uanaharakati wake na kuna mtu alihukumiwa miaka 30, hilo silibishi. Ninachotaka tukione ni msiba wake. Mchungaji wa Kianglikana aliyekuja kuendesha ibada, mbele ya jeneza, mama mzazi yupo, alianza kuhubiri Sodoma na Gomora, akiwaambia wale marafiki waliovaa fulana zenye sura ya marehemu watubu. Wakamnyang'anya maiki, pakawa vurugu, mchungaji akaondoka, wanakijiji wakakataa kuzika, mpaka marafiki wenyewe wakabeba jeneza na Askofu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga kwa ajili ya mambo haya, ndiye akaomba pale kaburini.

Mimi nikiwa na imani yangu ileile nasema pale mchungaji alikosea, na hata kama kila neno alilosema limo kwenye Biblia bado alikosea, kwa sababu mfiwa kwanza hufarijiwa, hata mwizi akifa kijijini tunamzika. Na wale waliopora maiki nao siwasifii, ila ningekuwa mimi nimesimama na jeneza la rafiki yangu sijui kama ningenyamaza.

Halafu 2023 hukohuko Uganda ikaja sheria ya kupinga ushoga. Kifungo cha maisha, kwa baadhi ya makosa kifo kabisa, na kuna kipengele cha kutangaza ushoga, hapo mtu anaweza kula miaka 20. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache, kikiwemo kile cha kulazimisha watu waripoti wenzao, nyingi ikabaki. Wachungaji wengi waliishangilia.

Najua nitaambiwa Uganda ina mila zake na nchi ina haki ya kujilinda. Sawa, lakini Sweden nao walisema hivyohivyo, kwamba wanalinda watu wao, na tulipiga kelele dunia nzima kwamba mtu hafungwi kwa kusema anachokiamini. Mwezi mmoja ule tuliuita mateso ya kanisa.

Sasa ninyi mnaosema Green aliachiwa kwa haki, na mimi nikiwemo, naomba mnijibu bila kunitukana: mwanaharakati wa Kampala akisimama kwenye semina akasema mashoga ni binadamu wana haki, miaka 20 anafungwa kwa kosa gani ambalo Green hakulifanya?