Mtoto kulala na simu chini ya mto, kuna madhara?

mama_wawili: Jamani naombeni msaada, binti yangu wa miaka 14 analala na simu chini ya mto usiku kucha na ruta ya waifai iko ukutani kwake, eti mionzi inaleta kansa ya ubongo kweli?? Naogopa sana

fundi_minara: Pole dada. Mionzi ya simu haina nguvu ya kuharibu DNA kama eksirei. 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), waliiweka kundi 2B, yaani "huenda inaleta kansa", ila uchambuzi mkubwa wa 2024 ulioagizwa na WHO haukuona uhusiano na kansa ya ubongo. Ruta hiyo ikiwa mita mbili tu mionzi imeshapungua mno

nesi_mstaafu: Mi naogopa zaidi moto, simu ikichajiwa chini ya mto inachemka, na usingizi wa mtoto unaharibika. Itoe leo mwanangu

mama_wawili: Asanteni, usiku huu inalala sebuleni