Soka ya shule za upili: Magharibi bado ina nguvu ama ni jina tu?

Shabiki_Kilifi: Ndugu zangu, kila michezo ya muhula wa pili ikikaribia fainali za taifa nasikia "subirini Magharibi", yaani shule za mkoa wa Magharibi mwa Kenya. Lakini nikitazama, kombe linazunguka: mara Rift Valley, mara Nairobi, mara Nyanza. Hiyo nguvu ni ya kweli ama ni sifa za zamani?

Kitale_Damu: Sifa za zamani. Green Commandos wa Kakamega High enzi za kocha Chris Makokha ndio waliojenga jina hilo. Siku hizi njoo Kitale, huku Rift Valley, uone shule ya St. Anthony's.

Mwalimu_wa_Michezo: Kaka wa Kilifi, kombe la taifa si kipimo kizuri. Michezo ya shule bado inafuata ile mikoa minane ya zamani, na kila mkoa hupeleka bingwa wake. Kwetu Magharibi ni kaunti za Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga. Sasa fikiria: Kakamega High na Musingu wako kaunti moja! Lazima mmoja amtoe mwenzake mapema, hata kama mwaka huo hakuna timu bora kuliko hizo mbili Kenya nzima. Anayepenya anafika taifa beki wake anachechemea.

Mimi nafundisha huku Vihiga. Uwanja wetu uko mteremkoni, na ukipangiwa kupanda kipindi cha pili utajua kama ulifanya mazoezi. Wageni wakija kutoka Kakamega, kijiji chote kinashuka na ngoma za isikuti, akina mama wanafunga vibanda sokoni. Mtoto wa huku anazoea kuchezea mbele ya watu wa namna hiyo kabla hajafika kidato cha kwanza. Hapo ndipo nguvu yetu ilipo, na hakuna orodha ya mabingwa inayoionyesha.

Ndugu wa Kitale, St. Anthony's nawaheshimu sana. Lakini ukitoka Bungoma ukaingia Trans Nzoia, ukoo ni ule ule, majina ni yale yale, ila kombe linaandikwa Rift Valley. Shule ya wasichana ya Wiyeta, nayo ya Trans Nzoia, vivyo hivyo.

Kinachoniuma ni jinsi vijana wanavyovutwa. Nilikuwa na winga wa kushoto, mtoto wa mjane. Shule moja kubwa ikamchukua kwa ahadi ya karo. Alipoumia goti, karo ikasimama, akarudi nyumbani katikati ya muhula. Shule inayotaka miguu ya mtoto imlipie masomo hadi amalize, acheze asicheze.

Shabiki_Kilifi: Asante mwalimu, hilo la kaunti moja sikulijua. Na wasichana je?

Binti_Butere: Kwa wasichana hapana ubishi, Butere Girls waulize popote. Na tazama wanakoelekea: klabu ya Vihiga Queens ilichukua ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, 2021, ikaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika ilipochezwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, na waliifunga Mexico. Umri huo ni wa watoto wa shule. Kaka, msimu ukianza usingoje taifa. Njoo mechi za kaunti Kakamega, na ufike mapema, maana pembeni mwa uwanja hujaa.