Oslo: Idi na wikendi mnazifanyaje na watoto?

Mgeni wa Kaskazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tumehamia Oslo, Norwei, kutoka Tanga na watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 10. Idi Ndogo iliyopita baba yao alikuwa zamu, watoto wakaenda shule kama kawaida, jioni tukala pilau sisi wanne, basi. Mdogo akaniuliza kama Idi ya huku ni ya watu wazima tu. Nyumbani ingekuwa kanzu mpya, mkono wa Idi, na kuzunguka kwa shangazi na majirani mpaka miguu iume.

Jumapili ndiyo zaidi. Maduka karibu yote yamefungwa, mtaa kimya, watoto wanashinda kwenye simu. Je, shule inatoa ruhusa siku ya Idi? Na wikendi mnawapeleka wapi bila kumaliza mshahara?

Baba Mapacha

Waalaykum salaam dada. Wikendi ya mvua sisi ni Deichman, ile maktaba kubwa ya Bjørvika iliyofunguliwa 2020. Hakuna kiingilio na watoto wana sehemu yao. Kukiwa kukavu tunazunguka ziwa la Sognsvann, T-bane (treni ya mjini) namba 5 inakufikisha mwisho wa reli. Ni kama kilomita tatu na kitu, hata wa miaka 7 anazimudu.

Mama wa Grorud

Dada, ruhusa ipo kisheria, si ya kuomba kwa unyonge. Mtu ambaye sikukuu za dini yake si sikukuu za kitaifa ana haki ya siku mbili kwa mwaka, kazini na shuleni. Idi mbili, siku mbili. Mume wako amjulishe mwajiri siku 14 kabla, na ajue anaweza kutakiwa kufidia saa hizo baadaye. Kwa kuwa tarehe hutegemea kuandama kwa mwezi, aandike kabisa: "Inatarajiwa tarehe fulani, huenda ikasogea siku moja." Kwa mwalimu andika mapema, na uongeze mstari wa kueleza Idi ni nini. Mwalimu wa binti yangu aliisema darasani, na kesho yake wenzake walimzunguka kwa maswali. Alirudi anang'ara.

Kuhusu sherehe yenyewe, haya ni maoni yangu na nayasimamia: Idi ya Tanga haienei kwenye fleti. Ilikuwa uwanjani, barazani, njiani. Ukiifungia ndani inapooza, hata pilau iwe tamu vipi. Sisi Idi mosi tunaswali mtaani Grønland, hapahapa Oslo, tunapiga simu nyumbani, watoto wanapata mkono wao. Karamu tunaipeleka Jumamosi inayofuata, na tunaipeleka nje.

Idi Kubwa ya 2026 inatarajiwa karibu na 27 Mei, siku ya Jumatano. Majira hayo saa nne usiku bado kweupe. Jumamosi yake panda boti ya kwenda kisiwa cha Hovedøya hapo Aker Brygge, tiketi ni ileile ya T-bane. Kuna magofu ya monasteri iliyoanzishwa 1147, watoto watajificha humo mpaka waitwe kula. Sufuria la pilau nalifunga kwa taulo mbili na blanketi, nalikaza kwenye kitoroli cha sokoni. Nikilifunua kisiwani mvuke bado unatoka, na harufu ya karafuu na bizari inawafikia waliokaa mbali. Waalike wenzao wa darasani pamoja na wazazi, na uwaambie chakula kipo, maana huku mtu huja na mkate wake mfukoni. Pika nyumbani, usitegemee kuwasha moto: kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba ni marufuku msituni na kandokando yake.

Idi Ndogo ndiyo inayotaka ubunifu. Mwaka 2016 tulifunga Juni, mchana unakaribia saa 19. Sasa Ramadhani imerudi nyuma hadi majira ya baridi, kila mwaka siku kama 11. Theluji ikiwa bado ipo, nenda Frognerseteren kwa T-bane namba 1, watoto wateleze kwenye njia ya theluji ya Korketrekkeren kilomita mbili hadi Midtstuen, kisha mpande treni mrudi juu. Vigari vya kutelezea azima BUA, wanaoazimisha vifaa vya michezo, ni bure. Nguo zao za ndani ziwe za sufu. Pamba ikilowa jasho, mtoto anatetemeka na siku imeharibika.

Mwana Kivu

Mimi ni Mkristo wa Bukavu. La kutoka nje naliunga mkono, ila la kuhamishia karamu Jumamosi silikubali. Krismasi huku kilele ni jioni ya tarehe 24. Tulipoanza kuifuata hiyo, 25 yetu ya ibada na nyimbo ikawa siku ya kulala tu, na watoto hawaidai tena. Siku yenyewe iwe na kitu chake. Pia msiikose 17 Mei, sikukuu ya taifa: shule zinaandamana hadi mbele ya kasri la mfalme, wenyeji wamevaa bunad, vazi lao la asili. Binti zangu huvaa kitenge na wanapigwa picha njia nzima.

Mama wa Grorud

Kaka, hapo nakubaliana nawe. Kwetu Idi mosi ina kaimati na chai ya maziwa baada ya swala, mlango wazi kwa majirani hadi adhuhuri, na kaimati hizo sizipiki siku nyingine. Lakini karamu kubwa Jumatano, watu wote wako kazini, utakula na nani?

Mgeni wa Kaskazini

Ahsanteni sana. Mume ameshaanza kuandika barua yake ya kazini. Mama, Jumamosi ile mtakaa upande gani wa kisiwa?

Mama wa Grorud

Kwenye nyasi za magofu, kuanzia saa sita mchana. Njoo na sahani na mkeka wako, wali nitapika wa kutosha. Mvua ikinyesha tutahamia Jumapili, nitaandika hapahapa.