Naomba ushauri: nimeshindwa kuzoea mchezo usio na mji wazi

Habari zenu wadau. Nimecheza The Sims 3, mchezo wa kompyuta wa kuongoza maisha ya watu wa kubuni, miaka mingi tangu ilipotoka 2009, na nilichokipenda kuliko vyote ni ule mji wake wazi. Mhusika wangu alitoka mlangoni, akapanda baiskeli, akapita maktaba na makaburi hadi ufukweni, nami namfuata kwa kamera bila skrini kusimama hata mara moja. Majirani walioana, wakazaa, wakahama, yote nikiwa siangalii. Hapo ndipo niliuamini.

The Sims 4 ya 2014 iliondoa hilo. Hata kuingia kwa jirani wa mlango wa pili ni kusubiri ipakie. Sababu naijua: kuendesha mji mzima kwa pamoja kunailemea kompyuta, na The Sims 3 ya Windows ni programu ya biti 32, hivyo ina kikomo cha kumbukumbu hata ukiongeza RAM. Familia yangu moja ya mchezoni iliganda kizazi cha nne, ikapotea kabisa. Niliumia kweli. Bado naukumbuka ule mji kama mtaa niliohama.

Sasa nafikiria kurudi kule na modi za NRaas (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji), hasa Overwatch na ErrorTrap zinazosafisha na kurekebisha hitilafu za mchezo, au nijaribu inZOI, mchezo mwingine wa aina hii ulioanza kuuzwa Machi 2025 ikiwa haijakamilika. Mliotumia hizo modi, faili la mchezo uliohifadhiwa linadumu vizazi vingapi? Na mlioko inZOI, mji unaishi hata usipoutazama, au ni mandhari tu?