Tupeane uzoefu: mlipimaje nafasi ya mtoto kabla ya kuomba vyuo vinavyochukua wachache?

Dada wa Pasiansi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ameingia Form Six, anasoma PCM (fizikia, kemia, hisabati), na ameniambia anataka kuomba vyuo vikubwa vya Marekani. Kwenye daftari ameandika Harvard, MIT, Stanford, Princeton, Yale, Columbia, na pembeni ya kila jina ameweka asilimia ya wanaopokelewa. Nilipoiona nilinyamaza kidogo, maana ni karibu orodha ile ile niliyoiandika mimi mwaka 2018.

Naanza na yangu. Niliomba vyuo vinane. Nilijipigia hesabu hivi: kila chuo kinachukua kama watu 5 kati ya 100, nane mara tano ni 40, basi nina asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Nikamweleza baba, naye akawaeleza wenzake pale mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Machi 2019 majibu yakatoka, vyote vinane vimenikataa. Baba hakuniuliza kitu, ila wiki nzima alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Hesabu yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kama nafasi ya kupata ni 5 kati ya 100, ya kukosa ni 0.95. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mpaka zitimie nane, unapata kama 0.66. Yaani hata kama ile 5 ingekuwa yangu, ningekuwa na 34, siyo 40. Na haikuwa yangu. Ile ni ya waombaji wote kwa pamoja, Wamarekani wakiwemo. MIT wanaweka takwimu zao wazi, na kwa waombaji wa nje ya Marekani ni kama 2 kati ya 100. Ukiweka 2 kwa vyuo vyote vinane, unabaki na 15. Halafu kuna jambo ambalo hesabu hii hailioni kabisa: vyuo vyote vinane vilisoma insha ile ile na barua zile zile. Kama insha ilikuwa dhaifu, ilikuwa dhaifu kote.

Nilikwenda UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikasoma uhandisi, leo nina kazi, namshukuru Mungu. Ila sitaki dogo aingie na hesabu yangu ile. Mliopitia, au wenye watoto waliopitia, mlijuaje kama nafasi ipo au haipo?

Mwalimu wa Taaluma, Ilemela

Dada umeuliza jambo la maana. Mimi niko upande wa wanaojaza zile fomu za shule.

Mwaka 2021 nilikuwa na mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), wa pili darasani. Mock alipata kemia 68, fizikia 61, baiolojia 72. Sisi tunajua huyo ni mtoto hatari. Sasa mpelekee mtu wa Marekani: anaona C, C, B. Kwake C ni mtoto wa kawaida sana. Hajui kwamba kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, na kwamba kwenye darasa lile la watu 74 hakuna aliyegusa A ya fizikia.

Nikakaa usiku mmoja nikaandika ukurasa wa kuieleza shule: madaraja yanavyopangwa, darasa lina wangapi, wa kwanza alipata ngapi, kwamba kwetu mtoto anasoma tahasusi ya masomo matatu na hachagui masomo moja moja. Barua ya mkuu wa shule nayo ilikuwa ile tunayoijua wote, "ni mtiifu, hana kosa lolote la nidhamu." Nikamwomba mkuu tuiandike upya. Maabara yetu ilikuwa na bureti (mirija ya kupimia kemikali) nzima 11 kwa wanafunzi wote wale, na mtoto huyu ndiye aliyepanga zamu za usiku ili kila mmoja ashike bureti kabla ya practical ya NECTA, mtihani wa taifa. Alisimamia zamu hizo wiki tatu, yeye mwenyewe akipima wa mwisho. Tukaliandika hilo, na idadi ya bureti tukaitaja.

Vyuo vinne vilimkataa. Cha tano, chuo kidogo Pennsylvania, kikamchukua. Tangu hapo mzazi akiniuliza kuhusu nafasi ya mtoto, namuuliza kwanza nani atamwandikia barua, na huyo mtu anamjua mtoto kwa lipi. Akikosa jibu, nafasi ni ndogo hata kama mtoto ana Division One ya pointi 3, yaani A tatu.

Dada wa Pasiansi

Shikamoo mwalimu. Hilo la ukurasa wa shule sikuwa nalijua kabisa. Mimi matokeo yangu yalikwenda kama yalivyo.

Kijana wa Nansio

Mimi niliomba mara mbili, mara ya kwanza 2020, mara ya pili mwaka uliofuata. Kilichobadilika katikati si akili yangu. Nilielewa suala la pesa.

Viko vyuo vichache sana ambavyo vikimchagua mwanafunzi wa nje haviangalii kama familia ina uwezo wa kulipa. Wakati ule vilivyojulikana ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Baadaye wengine kama Dartmouth, Bowdoin na Brown wakaongezeka. Vingine vingi vinaangalia. Vina fungu la msaada kwa wageni, na fungu lina mwisho. Kwa hiyo mtu anayeomba asaidiwe kila kitu hashindani na waombaji wote, anashindana na wenzake wanaogombea fungu lile. Dada, kwenye orodha ya dogo Stanford na Columbia wako kwenye kundi la wanaoangalia. Mara ya kwanza niliomba tisa, nane vya namna hiyo, na kwetu hatukuwa na hata dola mia moja ya kuchangia. Nilikosa vyote.

Mara ya pili niliweka viwili vya wasioangalia, na sita vidogo ambavyo vinatamka wazi kwamba vikimchukua mgeni vinamlipia mahitaji yake yote. Kimoja kikanichukua.

Fomu ya CSS Profile, ile ya kuombea msaada wa pesa, ndiyo ilinitoa jasho. Inauliza kipato cha mwaka. Baba anavua dagaa, na dagaa wanavuliwa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inakaa mchangani. Ukimuuliza anapata kiasi gani kwa mwezi anakuambia mwezi upi, wa giza au wa mwanga? Mama ndiye aliyekuwa na daftari. Tulikaa naye jikoni siku mbili, ndoo kwa ndoo, giza kwa giza, tukitoa betri za taa, mafuta ya injini na mgawo wa wavuvi, mpaka tukapata kipato cha mwaka. Mtendaji akatuandikia barua kuthibitisha kazi ya mzee. Sehemu ya maelezo ya ziada nikaeleza habari ya giza na mbalamwezi kama nilivyoiandika hapa. Anzeni hilo mapema, si la kufanya usiku wa mwisho.

Mkazi wa Buhongwa

Kuhusu usiku wa mwisho: saa ya kufunga Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vya Marekani, ni 5:59 usiku kwa saa za hapa kwetu, siyo za Marekani. Nilidhani nina saa nane za ziada. Nilipoamka kumalizia nikakuta pamefungwa.

Mama Kulwa

Jamani na hapa nyumbani hesabu ni hiyo hiyo. Binti yangu alipata Division One ya pointi 7, PCB, B mbili na C. Tukafungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, ambao alama zake zinahesabiwa kinyume, kubwa ndiyo nzuri: A ni 5, B ni 4, C ni 3, jumla yake 11. Alama za chini za udaktari alikuwa amezipita mbali, tukasherehekea. Akaomba udaktari tu, vyuo vitatu vikubwa. Awamu ya kwanza akakosa vyote. Zile alama za kwenye mwongozo ni ruhusa ya kuomba. Anayekuondoa ni mwenzako mwenye 13 au 14, na hao mwaka ule walikuwa wengi. Awamu ya pili akapata nafasi ya kusomea maabara, mwanzoni alilia sana. Tunakaa Mabatini, ukitoka nje tu unaiona hospitali ya Bugando juu ya mlima, ilimuuma kila asubuhi. Sasa yuko mwaka wa tatu na kazi anaipenda.

Mzee wa Igoma

Naona mnawatisha vijana. Asipoomba atajuaje?

Dada wa Pasiansi

Mzee wangu, shikamoo. Aombe, tena nitamsaidia. Ila aombe akijua, na sisi wa nyumbani tujue pia, Machi isije ikatukuta kama ilivyomkuta baba.

Dogo amekuja likizo fupi, tumekaa na orodha. Stanford na Columbia tumeziondoa. Harvard, MIT, Princeton na Yale zimebaki. Tumeongeza vyuo vidogo vitano vya aina aliyoitaja Kijana wa Nansio, na Julai matokeo yakitoka ataomba UDSM kama kawaida. Nimemuuliza swali la mwalimu, nani atakuandikia. Akamtaja mwalimu wa fizikia, bila kusita. Shida ni kwamba mwalimu huyo alihamishiwa Geita mwezi wa sita. Bado anaweza kuandika?

Mwalimu wa Taaluma, Ilemela

Anaweza. Alimfundisha, inatosha. Common App itamtumia kiungo kwa barua pepe, kwa hiyo hakikisheni ni anwani anayoifungua kweli, wengi wetu tuna za zamani zilizolala. Na mpelekeeni daftari la dogo la Form Five, lile lenye maswali aliyokuwa anamfuata nayo ofisini. Mwalimu akiliona atakumbuka.