T. rex alikuwa mkimbiaji au mtembeaji? Tujadili

Wakuu, kila nikizungumza na vijana kuhusu dinosaria nasikia dai lilelile: T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, alikuwa akikimbia kilomita 70 kwa saa, hata gari angelifikia. Naweka msimamo wangu mapema: hakukimbia. Alitembea, tena kwa hatua ndefu, basi. Anayepinga aje na hoja.

Kasi ya mnyama aliyekufa miaka milioni 66 iliyopita inajulikanaje? Mwaka 1976 mtafiti Mwingereza R. McNeill Alexander alitoa kanuni. Unapima urefu wa unyayo, unazidisha mara nne, unapata kimo cha nyonga. Kisha unapima hatua: ikiwa ndefu sana ukilinganisha na kimo hicho, mnyama alikuwa mbioni. Naiheshimu kazi hiyo, maana aliijenga kwa kuangalia watu na wanyama walio hai.

Ila mwaka 2025 watafiti waliijaribu kwa kanga, ndege wetu huyuhuyu wa madoadoa. Walimpitisha kwenye tope, laini na zito, huku kasi yake halisi ikijulikana. Kanuni ikatoa kasi iliyozidi ile halisi mara kadhaa! Na nyayo za dinosaria zilihifadhiwa wapi kama si kwenye tope? Ndiyo maana hata zile za Hispania, za dinosaria wala nyama wadogo kuliko T. rex, waliokadiriwa mwaka 2021 kufika kilomita 45 kwa saa, nazipokea kwa tahadhari. Kwamba wadogo walikimbia, sina ubishi.

Kwa T. rex kuna kikwazo kingine: uzito. Mwaka 2002 watafiti John Hutchinson na Mariano Garcia walipiga hesabu ya misuli. Ili mnyama wa tani 6 akimbie kwa kasi hiyo ya magari, misuli ya miguu peke yake ingepaswa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mwili wake. Tumbo, kichwa kile kikubwa na mkia vingebaki na nini? Mwaka 2017 William Sellers na wenzake wakaangalia mifupa, wakaona ingevunjika kama angejaribu kukimbia.

Najua kuna watakaomleta mbuni, kwamba naye ana miguu miwili na anafika kilomita 70. Sawa, lakini mbuni ana kilo mia na kitu. Mzani wa T. rex ni wa tembo, na tembo hata akiharakisha vipi hainui miguu yote minne kwa pamoja. Wala T. rex hakuhitaji mbio za swala. Windo lake Triceratops, dinosaria wa pembe tatu, naye alikuwa mzigo wa tani nyingi.

Mkitaka mkimbiaji, mtafuteni Elaphrosaurus, dinosaria wa Tendaguru, Lindi. Mwembamba, mfupa wa goko mrefu kuliko wa paja, umbo la wanyama wa mbio. Mtafiti Mjerumani Werner Janensch alimpa jina mwaka 1920, na mifupa yake iko Berlin hadi leo. Inaniuma kwamba watoto wetu wanamjua wa Marekani kwa jina, huyu wa Lindi hawajawahi kumsikia.

Kwa hiyo nawauliza mnaosema T. rex alikimbia: misuli hiyo yote mnaiweka wapi?