Matokeo ya mtihani wa nyumbani yamefutwa na nimefungiwa miezi 12, nikate rufaa au niachane nao?

Kibatari
Wakuu habari za humu. Naombeni ushauri maana kichwa kimegoma. Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa kuombea chuo, ile ya kufanyia nyumbani unaangaliwa kwa kamera, sitautaja ni upi. Nilijiandaa miezi minne. Siku yenyewe chumba safi, mlango nimefunga, meza tupu, skani ya chumba nimezungusha laptopu mpaka chini ya meza, prokta (yule msimamizi anayekuangalia kwa kamera) akasema sawa. Nikaanza vizuri, sehemu ya pili programu ikaganda ikaleta maandishi mekundu na namba ndefu, nikaandika kwenye chati hajibu, dakika kama mbili hivi, baadae akarudi akaniunganisha upya nikaendelea hadi mwisho na alama za awali nikaziona pale pale kwenye skrini, nzuri tu.

Siku ya sita imeili inaingia: matokeo yamefutwa kwa ukiukwaji wa masharti, ada hairudi, siruhusiwi kufanya tena kwa miezi 12, na nina siku 7 za kukata rufaa. Leo zimebaki 5. Dirisha la maombi ya chuo linafungwa baada ya wiki tano. Sikuibia wakuu, naapa. Nifanyeje? Kuna jamaa kaniambia nifungue akaunti nyingine kwa imeili nyingine nirudie tu, hii imekaaje?

Chura Mpole
Pole sana mkuu. Hilo la akaunti mpya usithubutu kabisa. Jina ni lile lile, kitambulisho ni kile kile, sura yako wanayo kwenye picha ya usajili na sauti wanayo kwenye rekodi. Sa hivi una kosa moja la kujieleza, ukifanya hivyo unakuwa na mawili na la pili halina maelezo.

Hesabu Ngumu
Tuwekee maneno kamili ya hiyo barua toa jina la mtihani. Nauliza hivi kwasababu kuna barua za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna ile ya "umevunja masharti", yaani kuna kitu umeonekana ukifanya. Na kuna ile ya "tunatilia shaka alama zako", mfano majibu yako yamefanana mno na ya mtu mwingine, hiyo inahojiwa kwa mahesabu zaidi kuliko video, na mara nyingi unapewa nafasi ya kurudia kuthibitisha. Ukijibu ya kwanza kwa hoja za ya pili umepoteza muda wao na wako.

Kibatari
Inasema "matumizi ya kifaa kisichoruhusiwa na kunasa maudhui ya mtihani". Hapo kwenye kunasa ndo sielewi.

MamaPacha
Mtoa mada simu ilikuwa wapi?

Kibatari
Simu ilikuwa kitandani nyuma yangu, prokta mwenyewe ndo aliniambia niiweke huko. Mwanzoni alitaka nimuonyeshe skrini ya laptopu kwa kuiakisi kwenye kioo cha simu, baada ya hapo nikaiweka mbali.

Ila kweli kwenye ile dakika programu ilipoganda nilinyoosha mkono nikaichukua nikapiga picha yale maandishi mekundu ili nikiulizwa niwe na ushahidi. Sekunde tano tu. Sikuiona kama ni shida kwasababu mtihani wenyewe ulikuwa umeganda.

Chura Mpole
Aiseeee.

Zamani Prokta
Natia neno hapa kwasababu nimeifanya hii kazi karibu miaka miwili kabla sijaacha. Mtoa mada hapo ndipo ulipokanyaga. Watu wengi hawajui kwamba prokta hakuangalii wewe peke yako, ana watahiniwa kadhaa kwenye skrini moja, ndo maana ulipoandika kwenye chati hakujibu, alikuwa kwa mwingine. Na prokta hatoi adhabu. Kazi yake ni kuonya, kusimamisha ikibidi, na kuandika ripoti ya tukio na muda wake. Programu nayo inaweka alama yenyewe kila ukitoka kwenye fremu, ukiangalia pembeni muda mrefu, ikisikia sauti ya pili. Halafu kuna ofisi nyingine kabisa, watu ambao hawajawahi kukuona, wanafungua rekodi wanaenda moja kwa moja kwenye zile dakika zilizowekewa alama. Sababu haionekani kwenye video. Kinachoonekana ni mkono, simu, na simu kuelekezwa kwenye skrini. Kwao haijalishi programu imeganda, mtihani unahesabika haujaisha mpaka ufungwe.

Ndio maana uliruhusiwa kumaliza. Watu wanadhani kama prokta hakunisimamisha basi niko salama, hapana, uamuzi unakuja siku kadhaa baadae.

Kalamu Kavu
Hawa jamaa wanaonea watu tu. Hata hiyo skani ya chumba, mwaka 2022 jaji wa shirikisho kule Ohio Marekani aliamua kwamba Cleveland State University ilikiuka katiba kwa kumkagulia mwanafunzi chumba chake kwa kamera. Mpeleke mahakamani.

Hesabu Ngumu
Kalamu Kavu hiyo kesi naijua na haimsaidii. Kile ni chuo cha umma, hoja ilikuwa serikali kupekua nyumba ya mtu. Huyu kabofya "nakubali" kwa kampuni kabla ya kuanza, na zaidi ya hapo hakufungiwa kwa ajili ya skani, kafungiwa kwa ajili ya simu. Tubaki kwenye simu.

MamaPacha
Hiyo picha bado unayo? Na swali linaonekana?

Kibatari
Ninayo. Nimeifungua sasa hivi baada ya kusoma hapa. Maandishi mekundu yako katikati, ila upande wa kushoto nusu ya swali inaonekana, ile sehemu ya kifungu cha kusoma, mistari kama sita.

Na kuna kitu sikukisema. Baada ya mtihani nilimtumia mshikaji wangu WhatsApp, yeye ni mtu wa kompyuta, nilitaka aniambie ile namba ya hitilafu ni nini. Nimuombe afute?

Zamani Prokta
Usifute na usimwambie yeye afute. Acha kabisa. Hiyo meseji ina saa na tarehe na ina swali lako kwake kuhusu hitilafu, ndo kitu pekee kinachoonyesha nia yako. Ukifuta leo halafu kesho waulize, unakuwa mtu aliyeharibu ushahidi. Ila asiisambaze kwa mtu mwingine yeyote, hilo mwambie leo.

Chura Mpole
Mimi napingana na mkuu hapo juu. Kwanini ajichongee? Wao wanajua simu ilielekezwa kwenye skrini, hawajui picha ina nini wala kama imetumwa. Aandike kwamba alichanganyikiwa akachukua simu, aombe msamaha, basi. Ukisema umemtumia mtu unajiongezea kosa la kusambaza maswali, na hilo ni zito kuliko la kushika simu, kwa mitihani yote.

Zamani Prokta
Naelewa unachosema na wengi hufanya hivyo. Ila fikiria upande wa anayesoma rufaa. Barua tayari imesema "kunasa maudhui". Ukiandika "nilichukua simu kwa kuchanganyikiwa" hujajibu walichokutuhumu, umekiruka, na mtu anayesoma rufaa hamsini kwa wiki anaona mruko huo haraka sana. Swali lake la kwanza litakuwa picha iko wapi. Sasa bora useme wewe kwanza kwa mpangilio wako, au usubiri akuulize ubadilishe maelezo? Maelezo yakibadilika mara moja tu rufaa imekufa.

MamaPacha
Mimi niko na Zamani Prokta, na nasema kwa yaliyomkuta mdogo wangu. Yeye kosa lake lilikuwa kutembeza midomo, anasoma maswali kwa kunong'ona tangu yuko mtoto. Alionywa mara mbili kwenye chati, ya tatu wakamkatisha. Rufaa ya kwanza kaandika kurasa tatu za hasira, jinsi alivyosoma kwa bidii, familia inavyomtegemea, mitandao ilivyo mibovu. Ikakataliwa kwa mistari miwili. Hakuna aliyekataa kwamba anasoma kwa bidii mwanangu, ila hawakuwa wamemuuliza hilo.

Kwahiyo andika fupi. Dakika fulani programu iliganda, namba ya hitilafu hii hapa, chati haikujibiwa, nilichukua simu nikapiga picha, najua sasa ni kosa, picha hii hapa, nilimtumia mtu mmoja saa fulani kwa sababu hii na mazungumzo haya hapa. Halafu omba kitu mahususi.

Hesabu Ngumu
Hapo kwenye kuomba kitu mahususi ndo penyewe. Alama zimekufa mkuu, usizililie. Simu ikishikwa katikati ya mtihani sijawahi kuona alama zikarudi. Ada nayo sahau. Kinachoweza kujadilika ni ile miezi 12, kwasababu urefu wa kifungo unategemea wanaamini nini kuhusu nia yako. Omba wakupunguzie uangukie kwenye muda wa kawaida wa kusubiri kama mtu mwingine yeyote. Mfano GRE (mtihani wa kuombea shahada za juu) mtu wa kawaida anasubiri siku 21 kati ya mtihani na mtihani, GMAT (ule wa shule za biashara) siku 16. Angalia wa kwako ni ngapi uutaje kwenye barua. Na jitolee mwenyewe kwamba utaufanyia kituoni sio nyumbani, hiyo inawaondolea wasiwasi wote.

Pia omba wachunguze kumbukumbu za mfumo za ile dakika. Programu ikiganda inaacha alama kwao pia, sio kwenye simu yako tu.

Kibatari
Na chuo niwaambie? Sikuwa nimewatumia alama bado.

MamaPacha
Soma fomu ya maombi kwanza. Ikiuliza moja kwa moja kama umewahi kufutiwa matokeo, jibu ukweli. Isipouliza waandikie tu ofisi ya udahili kuulizia kama wanapokea alama zilizochelewa, hiyo ni swali la kawaida. Ila jua kuna mitihani ambayo wenyewe wanatoa taarifa. GMAT kwenye sera yao wanajipa haki ya kuzijulisha shule, na LSAT (mtihani wa kuombea vyuo vya sheria) mtu akikutwa na hatia ya udanganyifu taarifa inaenda kwenye vyuo vya sheria anavyoomba. Angalia sera ya wa kwako inasemaje hapo, usije ukaandikia chuo barua ya upole wakati wameshapelekewa taarifa.

Kalamu Kavu
Nilikuwa na hasira tu hapo juu, samahani Hesabu Ngumu. Ila hoja yangu nyingine inabaki, wanaanzisha mitihani ya nyumbani 2020 kwasababu ya korona, halafu masharti yake ni kama ya gerezani. Masikio yaonekane, usivae hedifoni, karatasi ya kawaida marufuku unaandikia ubao wa kufuta, usikae kitandani. Mtu wa kawaida anakumbuka yote hayo akiwa na presha?

Zamani Prokta
Hakumbuki, na sisemi ni haki. Nimewahi kuandika ripoti ya dada aliyegeuka nyuma kwasababu mlango umegongwa. Ila wizi upo na ni mkubwa kuliko mnavyofikiria, watu wanafanyiwa na mtu aliyeunganishwa kwa mbali huku wao wametulia kama wanasali. Sio bure wenye LSAT wametangaza kuurudisha kwa kiasi kikubwa vituoni kuanzia Agosti 2026.

Mtoa mada, andika rasimu uiweke hapa bila majina.

Kibatari
Nimeandika, imekuwa nusu ukurasa. Nimeambatanisha picha, mazungumzo ya WhatsApp yote bila kukata, na muda wa chati. Mkono ulikuwa unatetemeka kwenye ile sentensi ya kumtumia mshikaji ila nimeiacha. Nimetuma jana usiku. Nitaleta mrejesho.

Kibatari
Mrejesho wakuu. Siku ya 11 wamejibu. Alama zimebaki zimefutwa, ada hairudi. Kifungo kimeondolewa, nimerudishwa kwenye muda wa kawaida wa kusubiri ila kwa masharti ya kufanyia kituoni tu, na nimetakiwa kusaini kwamba nimefuta ile picha mimi na mshikaji. Sasa tumefuta, kwa maandishi. Hawajasema chochote kuhusu prokta kutojibu chati, nusu sentensi hakuna. Udahili wamesema wanapokea alama hadi wiki mbili baada ya dirisha kufungwa kwahiyo nimepata nafasi ya mwisho kabisa, nikikosa hiyo tarehe basi ni mwakani.

Swali dogo, kituoni mnaruhusiwa kuingia na saa ya mkononi?

Zamani Prokta
Hapana mkuu. Inabaki kwenye loka na simu yako. Na wakati wa mapumziko kama yapo usiiguse hiyo simu, nakuomba.

Chura Mpole
Huyu simu aiache nyumbani tu.